Mashine Moja, Viti Viwili

Jumamosi, 6 Machi 1999

Naanza kuandika leo kwa sababu nimechoka kuambiwa, "Avelina, hukusema hivyo." Kuanzia sasa nikisema naandika, na tarehe juu.

Msimu wa Mabonde umefunguliwa kwenye kituo cha Shomari, Mikocheni. Siku za kazi Shomari anafundisha watu kompyuta. Jumamosi mchana mashine zake zinaunganishwa kwa nyaya na watu wazima wanapigana. Mchezo una jina refu la Kizungu kwenye kasha lake. Sie tunauita Mabonde. Kila upande una bonde. Unachimba dhahabu, dhahabu inanunua askari, askari wanakwenda kuvunja bonde la mwenzio. Si kama drafti, hakuna zamu. Wote mnacheza kwa mpigo mmoja, na aliyezubaa keshaliwa.

Mie na Twalib tumeshinda. Tunakaa wawili kwenye mashine moja, kama wengi tunaotoka Temeke, maana ndivyo tulivyojifunza, mashine chache na watu tele. Twalib ni fundi cherehani, kibanda chake kimepakana na changu Tandika. Mkono wake hautetemeki, anashika mausi. Mie nashika kibodi. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika la umma hadi lilipouzwa na tukapewa barua za kupunguzwa kazini. Barua hizo nilizichapa mwenyewe, ya kwangu ikiwamo, bila kosa hata moja. Shirika halipo, vidole kumi vipo.

Vijana wanatuita dereva na utingo. Utingo ni mie. Haya.

"Mnyamwezi wangu, leo umebeba mzigo vizuri," Twalib kaniambia tukitoka.

"Na wewe Mzaramo, bila mie ungekuwa bado unacheza ngoma mlangoni mwa bonde."

Zawadi ya bingwa mwaka huu ni kompyuta moja na printa yake, maana Shomari analetewa mpya. Naitaka. Kibandani kwangu kuna taipureta. Wateja wanachungulia, wanauliza, "Huna kompyuta?" na wanaondoka na barua yao mkononi. Nikiipata mashine ile nimepona. Nisipoipata nitachapa mikataba ya vyumba mpaka riboni ziishe madukani.

Jumanne, 9 Machi

Wateja watatu. Wawili wameuliza kompyuta.

Jumamosi, 13 Machi

Tumemfunga Gaspar, na kelele zimeanza.

Gaspar ni mhandisi kwenye karakana moja hukohuko Mikocheni. Ana kompyuta yake nyumbani, anafanya mazoezi peke yake kila jioni, anakuja na mausi yake mwenyewe kaifunga kwenye kitambaa kama miwani. Hajazoea kufungwa. Kasimama katikati ya chumba: "Huyu mama hachezi huyu, anapiga chapa! Mganga wao hafi, na anayesimama karibu na mganga naye hafi!"

Niseme mambo yalivyo. Kwenye Mabonde kuna mkuki, rahisi na dhaifu. Kuna ndovu, ghali na mzito. Na kuna mganga. Mganga hapigani, anaponya. Lakini haponyi mpaka umbonyezee kitufe, kila mara. Waliotunga mchezo huko kwao walimfikiria mtu mmoja: mkono wa kulia kwenye mausi, wa kushoto unadonoa kibodi. Mtu huyo anamudu waganga watatu. Twalib akipigana, vidole vyangu havina kazi nyingine. Namudu sita, huku naangalia nani anaingia mlangoni.

Kwa hiyo Gaspar hajasema uongo. Mizani imeegemea kwetu. Lakini hatujaiba kitu. Tumekaa tu tulivyozoea kukaa.

Jumatano, 17 Machi

Mvua imeanza. Bati linavuja juu ya taipureta. Nimeihamisha, nikaloa mie.

Jumamosi, 20 Machi

Kikao.

Sie watu hatuwezi kufanya jambo bila kamati. Mchezo wa kuvunja mabonde una mwenyekiti, katibu na wajumbe, saba kwa jumla. Mwenyekiti ni Shomari mwenyewe. Katibu ni Adelard, mwanafunzi wa chuo, kijana anayeandika muhtasari kama anaandika hukumu. Mie ni mjumbe kwa sababu ya namba. Bei ya kila askari, nguvu yake na uhai wake vipo kwenye faili moja la maandishi. Nililigundua mie mwaka jana, ndipo nikapandisha bei ya ndovu aliyekuwa anamaliza mechi kabla chai haijapoa. Tangu hapo faili natunza mie, wanayopigia kura nayaandika, na diski moja inapita mashine zote. Mashine moja ikiwa na namba tofauti mchezo unakataa kuanza, kwa hiyo hakuna wa kudanganya.

"Ajenda ya tatu," kasoma Adelard. "Nguvu ya mganga kuzidi kiasi."

Gaspar, naye mjumbe, kataka mganga aponye nusu. Alikuwa anaponya ishirini kwa kila kubonyeza, iwe kumi.

Shomari akakuna kidevu. Shomari ni mtu mwema, na ubaya wake ndio huo: hawezi kuona mtu anatoka kwake amenuna. "Ndugu zangu, hapo tutakuwa tumewaumiza wenzetu wa Temeke. Basi tukimpunguzia nguvu, tumpunguzie na bei. Themanini iwe arobaini. Kila upande umepata chake."

Wamepiga makofi! Nikasimama.

"Mwenyekiti, kwa heshima, hapo mnajichinja. Dhahabu iliyonunua waganga sita itanunua kumi na wawili. Kuponya kwao jumla ni kulekule. Kilichoongezeka ni kubonyeza, mara mbili. Mie nina vidole vya kubonyeza kumi na wawili. Gaspar kwa mkono mmoja hana. Mnadhani mnanipunguza mie, mnampunguza yeye."

"Nusu ni nusu, mama," kasema mjumbe mmoja wa nyuma. "Acha konakona."

"Kashinda mechi mbili keshakuwa profesa," kasema mwingine, watu wakacheka.

Gaspar peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Lakini mkono kaunyanyua pamoja nao.

"Niandikwe kwamba nimepinga," nikasema.

"Itaingia kwenye mengineyo," kasema Adelard.

Jumamosi, 27 Machi

Nimeweka kumi, nimeweka arobaini. Nukta kwa nukta walivyopiga kura.

Vitufe vya juu vya kibodi viko kumi na viwili. Kila mganga nimempa cha kwake. Sijawahi kuchapa hivyo tangu siku ile ya barua za kupunguzwa. Ndovu wa wenzetu walikuja, wakapiga, wakatupiga, na askari wetu wakawa wanainuka kama waliokuwa wamelala mchana. Tumevunja mabonde mawili mfululizo. Wawili wengine kutoka Mbagala nao, kwa mtindo uleule, wamevunja jingine. Wanaocheza peke yao wamefungwa wote, Gaspar akiwamo.

Nilidhani watasema, Avelina alituambia. Wamesema, "Avelina kachezea namba."

Shomari kafungua faili mbele ya watu wote, kakuta kumi, kakuta arobaini. Hakuna aliyeniomba radhi. Wamehama tu hoja. Sasa tatizo si mganga. Tatizo ni viti. Kikao kijacho kitapiga kura: mtu mmoja, mashine moja.

Twalib hakutania njia nzima.

Jumapili, 28 Machi

Idd. Mke wa Twalib kaniletea pilau. Nimekula nimenuna, lakini nimekula yote.

Jumatano, 31 Machi

Tumemwomba Shomari mashine kwa saa moja tuone kama kila mmoja anaweza kucheza peke yake, tusije tukawa tunalilia bure.

Alianza Twalib. Mkono mzuri, lakini maandishi yote ni ya Kizungu na yeye hakusoma Kizungu, anasoma nguo. Katika kutafuta kitufe cha kuponya kamuuza ndovu wake mwenyewe katikati ya vita.

"Kaenda wapi?" kauliza.

"Umemuuza."

"Kwa nani?"

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu ikawa zamu yangu. Ile mausi mie hainitii. Kishale nakituma kulia, kinapanda. Nimepeleka jeshi zima mtoni, likazama.

"Walikuwa wamechoka, wanaoga," kasema Twalib.

Basi tumejua. Wakipitisha mtu mmoja, tumetoka wote wawili, na mashine ile naisahau.

Jumamosi, 3 Aprili

Hakuna mchezo, kesho Pasaka. Mvua tangu alfajiri. Nimetumia mchana kupiga hesabu nyuma ya karatasi zilizoharibika.

Nimeipata. Sasa najua tulikosea wapi sote, na mie nikiwamo. Tulikuwa tunahesabu nguvu ya mganga. Ilitakiwa tuhesabu vidole.

Jumamosi, 10 Aprili

Chumba kimejaa. Hata wasiocheza wamekuja kuona Temeke ikitolewa.

Adelard kasoma ajenda. Shomari kaniuliza kama nina neno, kwa sauti ya mtu anayeomba nisiwe nalo.

"Ninalo. Mnasema viwili ni vingi, kiti kimoja kinatosha. Mie nawauliza, kilichowaumiza ni kiti? Au ni kwamba mganga anataka kubonyezwa kila sekunde mbili, na nyie mkono mmoja umeshikwa na mausi?"

"Rudisheni bei themanini. Halafu mganga aponye kingi kwa mara moja, lakini angoje muda mrefu kabla ya kuponya tena. Kwa dakika nzima ataponya kilekile cha zamani. Ila badala ya kubonyezwa mfululizo, anabonyezwa mara chache. Hapo mtu mmoja anamudu waganga sita bila jasho. Vidole vyangu kumi havitakuwa na faida."

"Sasa wewe utabaki na nini?" kauliza mjumbe wa nyuma, yule wa konakona.

"Kiti changu."

Gaspar kasimama polepole. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayenizika. Kaniuliza, "Kwa hiyo unajikata vidole mwenyewe?"

"Vidole nakata. Kiti sikati."

"Nionyeshe hesabu."

Nimempa karatasi. Kaisoma, kageuza, kaisoma tena. Kaniuliza maswali mawili, yote ya maana, ya kwanza ya maana niliyoulizwa mwaka huu. Halafu kawageukia wenzake: "Mie nataka kumfunga huyu mama. Tangu mwezi wa tatu nataka kumfunga. Lakini nimfunge akiwa kwenye mashine, siyo nimfunge kwa kikao. Nikimfunga kwa kikao mtaniheshimu nyie? Mie mwenyewe sitajiheshimu."

Kura: wanne kwa watatu. Viti viwili vimebaki, kwa mkono wa Gaspar.

Najua namba ile inamfaa. Inamfaa kuliko mtu yeyote. Lakini wale watatu iliwafaa pia, na bado walipinga. Nimekuwa nikimwandika mtu huyu vibaya kichwani. Sijasema nampenda. Nimesema namhesabu upya.

Muhtasari unasema bei irudi themanini na muda wa kungoja urefushwe, "namba halisi atajaza mtunza faili." Wamechoka na namba. Wameniachia.

Jumatano, 14 Aprili

Kituoni, mchana, faili liko wazi mbele yangu. Mganga wa zamani: ishirini kila sekunde mbili. Hesabu yangu ya haki: sitini kila sekunde sita. Twalib kaja kukaa pembeni na sindano imechomekwa kwenye kola.

"Dada Avelina. Hiyo sita lazima iwe sita?"

"Unataka iwe ngapi?"

"Wewe ndiye mwenye namba. Mie nauliza tu. Si wamesema irefushwe? Hata tatu ni ndefu kuliko mbili."

Hesabu hiyo nilikwishaipiga kabla yake. Thelathini kila sekunde tatu. Kwa dakika ni kulekule, hakuna anayeweza kusema nimevunja kura. Lakini Gaspar angechelewa kidogo kila mara na mie nisingechelewa hata mara moja. Hakuna macho katika chumba kile ambayo yangeiona, labda ya Gaspar, na yeye angeiona baada ya kufungwa.

Kompyuta na printa. Mteja wa asubuhi kaniambia barua yangu inaonekana ya zamani. Siyo imeandikwa vibaya. Ya zamani.

"Twalib, wametuita wezi bila kosa. Nikiandika tatu watatuita wezi tena, na safari hii watakuwa wamesema kweli. Sitawapa raha hiyo."

"Raha ya kompyuta je?"

"Andaa mkono wako tu, Mzaramo."

Nimeandika sita. Nimenakili diski. Nimepitisha mashine zote.

Jumamosi, 17 Aprili

Tumeingia fainali. Kwa shida. Gaspar naye kaingia. Bila shida.

Jumatatu, 19 Aprili

Maji yameingia kibandani. Twalib kanisaidia kuinua taipureta juu ya meza yake ya kukatia. Tumefanya kazi pamoja siku nzima, yeye anashona sare za shule, mie nachapa, tunapigiana kelele. Watu walidhani tunagombana. Tulikuwa tunapanga vita.

Jumamosi, 24 Aprili

Fainali. Tulikuwa tunaongoza. Mikuki yetu ilikwishavunja mgodi wake mmoja wa dhahabu. Umeme umekatika. Kamati imeamua mechi ianze upya wiki ijayo, tangu sifuri.

Sina la kuongeza. Ninalo, lakini karatasi itaungua.

Jumamosi, 1 Mei

Mei Mosi. Wafanyakazi wanaandamana mbele ya waajiri wao. Mie mwajiri sina, nimekwenda Mikocheni kupigana.

Gaspar kakaa peke yake, kafungua kitambaa, katoa mausi yake. Kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi, mtu kaweka mwavuli. Sie tumekaa bega kwa bega. Kabla hatujaanza mjumbe wa konakona kapaza sauti: "Utingo, leo gari lina mafuta?"

"Muulize dereva, mie kazi yangu kukuteremsha njiani," nikamjibu. Twalib kacheka, mkono ukalegea vizuri.

Tulianza kwa mikuki, mapema, kabla hajanunua ndovu. Tumempotezea wachimbaji wengi. Nilimwona anakaza taya. Lakini hakutetemeka. Karudi nyuma, kanunua waganga sita, na nikaona kwa macho yangu mwenyewe namba yangu ikifanya kazi: kitufe, anapigana, kitufe, anapigana, hana haraka. Kile alichokuwa hawezi mwezi wa tatu leo alikifanya huku anapumua. Ndovu wake wanne wamepita katikati yetu. Twalib kawazungusha nyuma mara mbili, mara ya pili nusura tumpate, ndovu wawili wamebaki na uhai mwembamba kama uzi. Wakaponywa. Sitini. Sitini.

Bonde letu limevunjika.

Watu wamepiga kelele sana, nami nimebaki natazama kioo. Nilikuwa nangoja uchungu wa kuibiwa, ule ninaoujua, nao haukuja. Umekuja mwingine, mkavu zaidi. Tumefungwa tu.

Gaspar kaja kunipa mkono. "Ungeweza kuweka ndogo kuliko sita."

"Ningeweza."

"Nilifungua faili Jumamosi ile ya kwanza baada ya kura, kuangalia."

"Najua. Ningekuwa wewe ningeangalia pia."

Shomari kamkabidhi kompyuta na printa, na Gaspar akasema, kwa sababu ni mtu asiyejua kuficha, kwamba ataiuza, nyumbani hana pa kuiweka. Hilo limeniuma kuliko ndovu wote.

"Mama Avelina, pole sana," kaniambia Shomari.

"Pole ya nini? Mlitaka kututoa kwa kura mkashindwa. Leo tumefungwa kwa mchezo. Hizo ni habari mbili."

Jumanne, 4 Mei

Mteja mmoja. Kauliza kompyuta.

Jumamosi, 8 Mei

Kikao cha kufunga msimu. Chapati, soda, pongezi. Kwenye mengineyo Shomari kasimama na furaha yake: kuna watu wa Kibamba wamepata mchezo, wanataka kucheza nasi msimu ujao, lakini wanataka namba zetu, maana namba za kwenye kasha zinawagombanisha. Halafu kuna askari wawili wapya kwenye diski mpya, na hakuna anayejua wawekwe bei gani.

"Mama Avelina, namba za msimu ujao lini?"

Kila mtu kanitazama kama bomba linalotazamwa maji yatoke.

"Lini? Wiki hii, nikitaka. Lakini sikilizeni. Mwaka mzima nimewapangia mizani bure, na malipo yake yalikuwa kutukanwa. Sitaki pesa zenu. Asubuhi mashine za hapa zinakaa zimefunikwa vitambaa mpaka wanafunzi waje saa nne. Nataka moja, na printa, kila siku ya kazi, tangu mnafungua hadi wanafunzi wanaingia. Wateja wangu watakuja hapa. Nitachapa kazi zangu, na nikimaliza nitapanga namba zenu."

Shomari kakuna kidevu. "Hilo itabidi liende kwenye kamati..."

"Kamati si ndiyo hii? Imekaa inakula chapati."

"Lakini mama, utaratibu..."

"Basi lipeleke kwa utaratibu. Na mie faili nitakwenda nalo Tandika kwa utaratibu. Kibamba waambieni wangoje, au Adelard akae apange hao askari wawili."

Adelard kainamia muhtasari wake ghafla, kama kuna kosa la kusahihisha.

Gaspar kanyanyua mkono, mdomo umejaa. "Mwenyekiti, mpe mashine. Nisingekuwa bingwa wa kitu bila huyu, ningekuwa bingwa wa kelele."

"Sijaomba wakili," nikamwambia.

"Sikutetei. Nataka namba."

Mikono imepanda. Sikuihesabu. Nimemwona yule wa konakona kanyanyua wa kwake nusu, basi, nusu ni nusu.

"Na viti?" nikauliza kabla hawajakaa. "Msimu ujao?"

"Viwili," kasema Shomari. "Andika, Adelard. Anayetaka kukaa wawili, wakae wawili."

"Kwenye ajenda," nikasema. "Siyo mengineyo."

Jumatatu, 10 Mei

Mvua. Nimefika Mikocheni kabla ya Shomari, nikamngoja barazani. Nimechapa barua mbili za kuomba kazi na mkataba wa chumba. Zimetoka kwenye printa zingali za moto. Mteja kazigeuza, kazitazama, hakuuliza kompyuta, kalipa, kaondoka.

Ikabaki nusu saa wanafunzi waingie. Nimefunga kazi za wateja nikafungua faili, nikaanza na askari mpya wa kwanza. Bei yake kwenye kasha ni ya kijinga.